Nzuri, Ila Mapaja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kisanduku kiliwasha taa yake ya kijani juu ya kabati la vyombo.

"Shikamoo, Mama Bupe," kikasema. "Umeamkaje?"

"Marahaba. Vibaya. Mapaja yanauma kama nimelima heka nzima. Mabega nayo. Vidole vya mkono wa kushoto vina ganzi tangu jana mchana. Andika."

"Pole sana. Mapigo yako ni sabini na mawili. Damu inapita vizuri. Katika mkungu wako hakuna mwingine mwenye maumivu ya aina hii. Nimeandika: wasiwasi. Tafadhali pumzika, ufikirie mambo mazuri."

"Wasiwasi unao wewe," nikakijibu, na taa ikazimika.

Binti yangu Bupe alikuwa anafunga viatu mlangoni. Anafundisha chekechea, ana subira ambayo hakuirithi kwangu.

"Mama, unagombana na kisanduku kila siku. Majirani wanasikia."

"Wasikie. Wakimaliza kusikia waje wanikande mapaja."

Miezi minane kabla ya hapo moyo wangu uliziba, Jumanne, katikati ya madumu ya maziwa kazini. Nilipelekwa Mbeya, wakanizibua, wakanipachikia punje pembeni ya moyo. Punje ni kweli punje, haizidi ya mchele. Ndani yake kuna dawa, na yenyewe ndiyo inayoamua itoe kiasi gani na saa ngapi, kwa kusikiliza mapigo na kuonja damu. Wagonjwa kumi na wawili tunafungwa pamoja, tunaitwa mkungu. Punje zetu zinafundishana: dawa ikinifaa mimi, punje ya mwenzangu inajua kabla jua halijazama. Zamani watu wa Tukuyu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa huu wakisubiri daktari bingwa. Siku hizi hatufi, na hilo silikatai.

Ila maumivu hayana kipimo. Punje haiwezi kuyaonja kwenye damu. Ndiyo maana kila asubuhi kisanduku kinauliza, na kinachoandikwa ni kile kinachotoka mdomoni mwa mgonjwa mwenyewe. Hata daktari haruhusiwi kumwandikia.

Na kwa miezi minane mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naumwa. Mmoja kati ya kumi na wawili. Kwa kisanduku, mmoja ni wasiwasi.

*

Kazi yangu ni kupokea maziwa. Nina diploma ya usindikaji, miaka miwili chuoni, na kwa miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mlango uleule wa kiwanda kidogo cha ushirika wetu. Madumu siku hizi yanajipoza yenyewe kwa jua, na ndege za mizigo zinachukua maziwa mpaka Mbeya kwa dakika kumi na tano, lakini mlangoni bado anatakiwa mtu mwenye pua. Kila dumu nalipima peke yake. Nachanganya maziwa kidogo na spiriti, naangalia kama yanaganda, nazamisha laktomita nione kama yametiwa maji, nanusa. Likipita, linaenda kwenye tenki. Lisipopita, linarudi kwa mwenyewe, awe shemeji, awe mchungaji.

Asubuhi hiyo nilimwona Mwalimu Ambakisye anapanda kilima. Ni mwalimu mstaafu, ana miaka sabini na moja, ana ng'ombe wawili, na ana punje. Yuko kwenye mkungu wetu. Kwa kawaida dumu lake la lita ishirini analibeba begani mpaka mlangoni bila kusimama, kwa sababu kigari cha ushirika hakiwezi utelezi wa kwake. Siku hiyo alilitua kwenye jiwe la nusu njia. Akalitua tena kwenye mgomba. Alipofika kwangu jasho lilikuwa linamtiririka, na Tukuyu asubuhi ni baridi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri kabisa. Namshukuru Mungu."

"Za mwili?"

"Nzuri tu, hatujambo." Akajishika goti, akakaa taratibu kwenye benchi. "Ila mapaja, Sekela. Mapaja haya. Nikiinuka kitandani nashika ukuta kama mtoto."

Nilikuwa nimeshika laktomita. Nikaiweka chini.

"Tangu lini?"

"Aa, siku nyingi. Tangu wakati wa kuvuna maharage."

"Kisanduku ulikiambia?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama anamwambia paka. "Kile kinaniamkia, nami nakiitikia. Kinasema shikamoo, umeamkaje. Nasema marahaba, nzuri, namshukuru Mungu. Kinasema siku njema, kinazima taa. Sasa nikikimbilie nyuma?"

Sikuiokota laktomita. Wakulima wanne walikuwa kwenye foleni, na mmoja akauliza kama maziwa yanapokelewa au yanaangaliwa tu.

Hakuna mtu wa kwetu anayeulizwa habari akaanza na ugonjwa. Hata kwenye msiba tunasema nzuri, ila tumefiwa. Nzuri ni mlango, mambo yenyewe yako ndani. Mtu anabisha, unamfungulia, anakaa, ndipo unamwambia. Kisanduku kilikuwa kinabisha, kinafunguliwa, kinaondoka.

Mimi neno nzuri niliacha kulisema miaka sita iliyopita. Baba Bupe alisema "sijambo" miaka miwili mfululizo huku tumbo linamla, na siku aliyosema "kidogo sijisikii vizuri" ilikuwa Ijumaa, tukamzika Jumanne. Tangu hapo ukiniuliza naambia. Watu wanasema nina mdomo. Wacha waseme.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya chini, "mkojo wako una rangi gani?"

"Sekela!"

"Mimi nimekuuliza kama mpokea maziwa. Rangi gani?"

Akaangalia pembeni, kwenye migomba. "Kama chai ya rangi," akasema. "Tangu juzi."

*

Kabla ya saa nane nilikuwa nimewapigia wenzangu wote kumi waliobaki. Sikuwauliza habari. Niliwauliza: unaweza kuinua mkono ukaanika nguo? Unaweza kuchuchumaa ukasimama? Kati yetu kumi na wawili, kumi tulikuwa tunaumwa. Tisa walikuwa wamesema nzuri kila siku.

Daktari Ipyana wa kituo cha punje cha Mbeya alinisikiliza kwenye simu bila kunikatiza. Ni kijana, na nilimsikia anavuta kiti.

"Mama, misuli inaweza kuwa inavunjika kwa dawa kuzidi," akasema. "Takataka zake zinakwenda kwenye figo. Huyo Mwalimu anywe maji mengi na aje kesho apimwe. Hao tisa kwangu wameandikwa wazima kabisa. Asante kwa kupiga."

"Kesho asubuhi nitawaambia wote waseme ukweli kwenye visanduku vyao."

"Usifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Mmoja akisema, kisanduku kinaandika wasiwasi. Wakisema wawili maumivu yaleyale katika wiki moja, punje zinawaamini, zinawapunguzia dawa hao wawili na kuangalia. Wakifika watatu, mfumo unadhani dawa yenyewe imeharibika. Unaifunga kwa mkungu mzima, siku kumi na nne, mpaka ikaguliwe. Siwezi kuifungua kutoka hapa. Hakuna anayeweza."

"Siku kumi na nne tutaziweza."

"Wewe utaziweza. Tumpale hataziweza."

Tumpale ni fundi cherehani wa pale stendi, ana miaka ishirini na minane. Moyo wake ulivimba alipojifungua, na mtoto wake sasa ana miezi kumi. Naye alikuwa ameniambia saa sita kwamba hawezi kukanyaga cherehani kwa maumivu ya miguu.

"Hataziweza kwa kiasi gani?" nikauliza.

"Siku ya tatu, labda ya nne. Nakuambia wazi kwa sababu najua ukifichwa unakasirika."

"Na wote wakiendelea kusema nzuri?"

"Mwalimu atapoteza figo. Na baada yake mwingine."

Nilihamishia simu sikio la pili. Dirishani ndege ya mizigo ilikuwa inashuka kuchukua maziwa ya mchana.

"Mtoe Tumpale kwenye mkungu," nikasema.

"Nimetuma ombi sasa hivi, ulipomtaja kati ya wanaoumwa. Inachukua miezi mitatu. Nitawaandikia pia waliotengeneza kisanduku. Unajua walifanya nini, Mama? Walitafsiri maswali, wakasahau kutafsiri kusubiri."

"Daktari, kwenye tenki hatupimi maziwa."

"Sijakuelewa."

"Ukishamimina madumu kumi na mawili kwenye tenki, ukapima ukakuta yameharibika, unamwaga tenki zima. Kwa hiyo unapima dumu kwa dumu, kabla ya kumimina. Ulisema wawili wakisema, punje zinawapunguzia wao tu. Na nyingine zinajifunza?"

Kiti chake kikalia. "Zinajifunza."

"Basi wawili wiki hii, wawili wiki ijayo. Tumpale anakuja mwisho, mkungu ukishajua kiasi gani kinatosha. Wengine wanasubiri zamu."

"Wakisubiri watasema nini kwenye visanduku?"

"Wewe unadhani watasema nini?"

"Mimi ni daktari. Siwezi kukuambia uwaambie watu waseme uongo."

"Sijakuomba hilo. Nakuuliza hesabu kama inakubali."

Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Hesabu inakubali," akasema. "Kila mmoja apime mkojo kila siku. Ukibadilika rangi, huyo anaruka foleni, na mwenye zamu anampisha. Na wote waje kwangu wachukuliwe damu, nitawaona kwa macho yangu hata kama siwezi kuwaandika."

*

Jumamosi tulikutana kiwandani baada ya mapokezi, juu ya makreti yaliyogeuzwa, na chai ya maziwa. Wote kumi na wawili walikuja. Wengine tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso ingawa mioyo yetu ilikuwa inafundishana kila siku.

Niliwaeleza kama nilivyoelezwa, pamoja na ile siku ya tatu au ya nne. Tumpale alikuwa ananyonyesha. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo tuumwe kwa ajili ya mtu mmoja," akasema Gwakisa. Huyu ni fundi wa paneli za jua, anapanda mapaa ya watu, na mdomo wake unapanda kuliko yeye.

"Ndiyo," nikasema. "Wiki nne, tano. Anayeona ni nyingi aseme mbele yake, yuko hapo."

Watu wakaangalia vikombe vyao. Gwakisa akakuna kidevu. "Mi sijakataa, mama. Nimeuliza tu. Ila najua nani ataanza. Ataanza mwenye kulia kuliko wote. Miezi minane Mama Bupe anatupigia kelele, leo amejitengenezea foleni, si lazima akae mbele?"

Watu wakacheka. Nami ningecheka kama asingekuwa amelenga sawasawa. Usiku na mchana nilikuwa nimefikiria hivyohivyo. Mwalimu na mimi, wiki ya kwanza. Nani angekataa? Mimi ndiye niliyesema ukweli tangu mwanzo. Jumatatu tu ningesema yaleyale ninayosema kila siku, na safari hii ningesikilizwa.

"Gwakisa, wiki iliyopita ulikuwa juu ya ngazi ya kanisa," nikasema. "Nini kilitokea?"

Kicheko chake kikakatika. "Nani kakuambia?"

"Mkeo. Nini kilitokea?"

"Mguu uligoma," akasema. "Nikakumbatia bomba la maji ya mvua mpaka mchungaji akaja na ngazi nyingine. Na kisanduku nilikiambia nzuri asubuhi ileile."

"Basi unaanza wewe na Mwalimu. Ukianguka kutoka juu ya kanisa hata punje haitakusaidia. Mimi nitafunga foleni, na Tumpale."

"Mama," Tumpale akasema, mara ya kwanza. "Wewe ndiye unayeumwa muda mrefu."

"Ndiyo maana nimezoea. Nyonyesha mtoto."

Mwalimu Ambakisye alikohoa, akainua mkono kama yuko darasani, akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Sekela. Wewe kusema nzuri, utaweza?"

*

Jumatatu. Taa ya kijani.

"Shikamoo, Mama Bupe. Umeamkaje?"

Mapaja yalikuwa yanawaka moto. Nilishika ukingo wa meza.

"Marahaba," nikasema. Neno likakwama kama mfupa. "Nzuri."

"Nashukuru kusikia hivyo. Wasiwasi wako umepungua. Siku njema."

Bupe alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka chini polepole, akanijia, akanishika mashavu kama ninavyomwona akiwashika watoto wa chekechea wenye homa.

"Umesema nini?"

"Umenisikia."

"Baba alikuwa anasema hivyo." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Mama, kuna nini? Niambie sasa hivi, sitoki."

Nilimkalisha, nikamweleza habari yote, Mwalimu, Tumpale, zamu, karatasi za kupimia mkojo nilizozipanga nyuma ya mtungi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ambayo hiyo sasa aliirithi kwangu:

"Sawa. Kisanduku kiambie unachotaka. Mimi utaniambia kila kitu, kila asubuhi, kuanzia kwenye unyayo kwenda juu. Na karatasi naiangalia mwenyewe. Ikibadilika rangi, zamu au si zamu, nakupeleka Mbeya."

"Utachelewa shule."

"Watoto watasubiri. Anza. Unyayo."

Nikaanza na unyayo.

Tulienda hivyo. Wiki ya kwanza mkojo wa Mwalimu ulirudi rangi ya majani makavu, kisha ya maji ya mtoni, na alikuja kunitangazia mlangoni mbele ya foleni nzima, yeye aliyekuwa ananionea aibu. Gwakisa alipunguziwa robo ya dawa, moyo ukashika vizuri, na mkungu ukajifunza robo. Wiki ya pili wawili wengine. Wiki ya tatu mama mmoja wa Kiwira karatasi yake ilibadilika, akaruka foleni, aliyekuwa na zamu akampisha bila neno. Mimi niliendelea kusema nzuri. Sikuzoea. Kuna siku mkono haukuweza kuinua laktomita, Gwakisa akaja kunishikia, akiwa amevaa mkanda wake wa kazi, akasoma namba vibaya mara mbili.

"Rudi kwenye mapaa yako," nikamwambia.

"Asante hujui kusema?"

"Ndaga. Sasa toka kwenye mlango wangu."

Kila jioni Tumpale alinipigia simu. Hatukuwa na la kusema sana. Aliniambia mtoto ameota jino, mimi nikamwambia maziwa ya nani yamerudishwa. Kabla ya kukata aliniuliza, "Na ukweli wako leo?" Nami namwambia. Kisha namuuliza wake.

*

Wiki ya tano Jumatatu ilikuwa zamu yetu. Daktari Ipyana alikuwa amepiga simu jana yake: punje sasa zinajua, Tumpale atapunguziwa sehemu moja ya nane tu, taratibu, na yeye mwenyewe atakuwa macho kwenye mapigo yake siku nzima. "Mseme tu wote wawili," alisema. "Kesho asubuhi msisahau."

Tusahau! Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja nikingoja. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kuanzia kwenye unyayo. Bupe alisimama pembeni na mkoba begani.

Taa ikawaka.

"Shikamoo, Mama Bupe. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nzuri," nikasema.

Bupe akajiziba mdomo. Mimi nikasogea kwenye kabati. Wiki nne za kulazimisha neno lile, na siku niliyokuwa silihitaji limetoka lenyewe, laini, kama la watu wote. Tumpale huko kwake atakuwa amesema kweli yake. Atakuwa mmoja. Mmoja ni wasiwasi. Nilinyoosha mkono nikishike kisanduku kabla hakijazimika, kana kwamba taa inashikika.

Haikuzimika.

Kisanduku kilikaa kimya. Nikahesabu pumzi moja, ya pili, ya tatu. Nje jogoo wa jirani akawika, akamaliza. Bado taa ilikuwa ya kijani.

"Nashukuru," kikasema hatimaye, polepole kuliko zamani. "Na miguu, mama? Inasemaje?"

Bupe akacheka kwa mshtuko. "Wamekirekebisha," akanong'ona. "Barua ya daktari. Mama, wamekirekebisha!"

Simu yangu ikaanza kulia mezani, jina la Tumpale. Bupe akaipokea, na sauti ya yule binti ikajaa jikoni: "Kimenisubiri! Dada Bupe, nimesema nzuri kwa kuchanganyikiwa, kikanisubiri!"

Nilimpungia mkono atulie. Foleni ya maziwa ilikuwa imeshaanza kujipanga kule mlangoni kwangu, nami sijawahi kuchelewa katika miaka kumi na tisa. Wangesubiri.

Nikavuta kigoda karibu na kabati, nikakaa.

"Nzuri," nikakiambia, "ila mapaja."